Upepo wa Dukani

Siku Melkiori alipoondoka kwenye machimbo ya Mavumbini, kitu cha kwanza watu walichokigundua ni kwamba wanasikiana. Aliyekuwa shimoni alimsikia mwenzake akikohoa juu. Mwanamke aliyekaanga mihogo kwenye kivuli cha turubai alisikia mafuta yake mwenyewe yakichemka. Hadi jua lilipopanda, watu walikuwa bado wanapaza sauti kwa mazoea, wanapigiana kelele za mambo madogo, "Niletee kamba!", "Maji yamebaki?", halafu wanaona haya, kama mtu aliyejikuta anacheka kwa nguvu msibani. Ngurumo ya feni ya Melkiori iliyokuwa ikianza asubuhi na kunyamaza jioni haikuwapo. Pale iliponguruma palibaki sanduku la mbao limeinama upande mmoja, na nyuma yake rundo la vumbi la kijivu, laini kama unga, ambalo upepo ulikuwa umeanza kulichukua kidogo kidogo.

"Kumbe huku kuna ndege," alisema Damiani, mchimbaji wa shimo la jirani.

Melkiori alikuwa mtu wa Sepuka, mkulima wa uwele na alizeti kama baba yake. Alikwenda Mavumbini miaka ile ya ruksa, wakati kuchimba dhahabu kulipoacha kuwa jambo la kujificha, na maduka ya Singida mjini yalipoanza kujaa vitu ambavyo watu walikuwa wamevisahau, sabuni za kunukia, matairi, redio, nguo za mitumba kutoka nchi zenye baridi. Kilima chenyewe hakikuwa kirefu. Kilikuwa chekundu, kimetobolewa kama kichuguu kilichochimbuliwa na mhanga, na kukizunguka palikuwa na miiba na mawe mpaka macho yachoke. Maji hayakuwapo. Dumu lililokuja lilikuja kwa mgongo wa punda, nalo lilikuwa la kunywa na kupikia. Mtu ambaye angetumia maji kuoshea mchanga, huko kwao, angeonekana amerukwa na akili.

Kwa hiyo dhahabu ya Mavumbini ilipepetwa kama uwele. Mwamba ulipondwa kwa nyundo, ukatwangwa, ukaanikwa juani mpaka ukauke kabisa, ukachekechwa. Kisha watu wawili walisimama penye upepo. Mmoja aliinua ungo juu ya kichwa na kuumimina ule unga polepole. Mwingine alichuchumaa chini kwenye ngozi ya ng'ombe iliyotandikwa, akifagia pembeni kwa manyoya ya kuku. Upepo ulichukua vumbi, kizito kikaanguka. Kilichoanguka kiliokotwa, kikamiminwa tena, na tena, mpaka kwenye ngozi pabaki mchanga mweusi kidogo, na ndani yake, siku njema, punje za manjano ndogo kuliko mbegu za mchicha.

Aliyemimina alikuwa Theresia, mke wa Melkiori. Aliyechuchumaa alikuwa Melkiori mwenyewe. Wanaume wengine walifanya kazi hiyo na ndugu zao au na vibarua, na walimtania kwa kumleta mke machimboni, lakini binti yao pekee, Joyce, alikwisha kuolewa Dodoma na nyumba ya Sepuka ilikuwa haina mtu wa kupikiwa. Na Theresia alikuwa na mkono. Alikulia Mgori, kwa mama aliyejulikana kwa kusuka nyungo, na tangu utoto alipepeta uwele penye upepo wa milimani.

Kazi yenyewe haikuwa nyingi kama kusubiri kulivyokuwa kwingi. Asubuhi hewa husimama kimya. Mchana huja visulisuli, vinazunguka kama vimelewa, havifai kwa lolote. Upepo wa kweli, ule ulionyooka, huja unapotaka. Basi waliketi wawili kwenye jiwe, ungo magotini pa Theresia, wakasubiri. Walisema Kinyaturu wakiwa peke yao, Kiswahili mtu mwingine akikaribia.

"Upepo umekufa," Melkiori angesema.

"Haujafa. Umekwenda kuwasalimia watu wa Ikungi. Utarudi."

"Basi uharakishe. Watu wa Ikungi wana maneno mengi."

"Wewe una haraka ya wapi, Baba Joyce? Jana ulikuwa na haraka, na leo uko palepale."

Kisha Theresia angepiga mluzi, mwembamba, wa kuita upepo, jambo ambalo Melkiori alilicheka kila mara kwa sababu mluzi ni wa wavulana wachunga mbuzi. Alimsimulia habari za shangazi yake aliyemkataa mchumba kwa sababu ya masikio. Alimsimulia ndoto. Alimwambia mambo ya Joyce ambayo binti humwambia mama tu, akiyapunguza makali kidogo ili baba aweze kuyabeba. Melkiori hakuwa msemaji. Nyumbani Sepuka wangeweza kupitisha wiki nzima kwa maneno ya chumvi na kuni. Lakini kwenye lile jiwe, mikono yao ikiwa haina kazi na miguu haina pa kwenda, alimjua mke wake kuliko alivyomjua miaka yote waliyolala kitanda kimoja. Wala hakujua kuwa anamjua. Alidhani wanasubiri upepo.

Mwaka mmoja upepo ulikuwa mvivu. Kipupwe kiliingia bila nguvu, siku zikapita na unga umelala kwenye magunia. Melkiori alipanda baiskeli mpaka Singida mjini kutafuta mpini wa nyundo, akaingia kwenye duka la Abdulmajidi, mzee ambaye babu yake alitoka Pangani na bibi yake alikuwa Mnyiramba, na ambaye siku hizo aliuza vipuri vya magari vilivyotumika. Juu ya meza palikuwa na kitu cha duara chenye mabawa ndani, mfano wa konokono wa bati.

"Shikamoo mzee. Hii ni nini?"

"Marahaba. Hiyo ni feni ya hita ya Landrova. Wazungu wanasikia baridi ndani ya gari, inawapulizia joto. Wewe unasikia baridi?"

"Hapana."

"Basi huna shida nayo." Lakini mzee alikuwa mfanyabiashara, na alikwisha kuona macho ya mteja. Akachukua nyaya mbili, akazigusisha kwenye betri iliyokuwa sakafuni. Kile kitu kikanguruma. Karatasi zote za mezani zikaruka mpaka barabarani, na mzee akacheka kwa furaha huku akizikimbilia.

Melkiori alisimama pale, uso wake ukipigwa na upepo ulionyooka kabisa, usiokwenda Ikungi kumsalimia mtu.

Aliporudi Mavumbini alikuwa na feni, betri ya gari iliyofungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, na wazo. Alitengeneza sanduku la mbao. Feni ipulize ndani ya sanduku kwa chini. Juu pawe na kitanda kilichoinama, chenye vijiti vya kuzuia, kinachopitisha hewa lakini hakipitishi mchanga. Unga ukimiminwa juu, hewa itauchezesha, chepesi kitaruka, kizito kitanasa kwenye vijiti. Mtu mmoja angetosha. Alijaribu gunia, matundu yakawa makubwa, mchanga ukaingia ndani ya feni. Alijaribu shati la mtumba, likajaa hewa kama tumbo la chura. Khanga ikabana hewa kabisa. Kwa siku kadhaa alikaa akitazama sanduku lisilo na kifuniko, na Damiani akipita anauliza, "Melkiori, leo upepo unauzwaje? Nipimie robo."

Kisha macho yake yakaangukia ungo wa mkewe.

Hapa inabidi lisemwe jambo la kwao Theresia. Katika nyumba za huko Mgori, mama humsukia binti yake ungo wa kuondokea siku anapoolewa. Ungo ule huishi naye. Na mume aliyetaka kumrudisha mke kwao hakuhitaji kuita wazee wala kutafuta maneno: alikata ungo ule kwa kisu, akauacha mahali ambapo mwenyewe atauona. Basi. Mwanamke alifunga vyake na kwenda, na hakuna aliyemuuliza kitu njiani. Melkiori alilijua hilo. Enzi za uchumba alikwisha kupita mbele ya nyumba moja ya Mgori akaona ungo uliokatwa umelala mlangoni, kuku wanaukanyaga, na mkwe wake mtarajiwa akamwambia ageuze uso.

Lakini ungo ule wa Mgori aliouona ulikuwa na makapi ya uwele. Huu ulikuwa na vumbi la mawe. Ulikwisha kuacha kuwa kitu cha jikoni, alijiambia. Ulikuwa chombo cha machimbo kama nyundo na sururu. Na ulikuwa umesukwa vizuri mno. Aliuinua juani, akaona mwanga ukipenya kwa vitone vidogo sana, sawasawa, kila mahali.

Theresia alikuwa amekwenda kupokea maji kwa wenye punda. Melkiori alichukua kipande cha msumeno wa chuma, akaukata ungo pande nne mpaka ukawa mraba, akaupigilia misumari juu ya sanduku. Alipogusisha nyaya, mchanga ulianza kucheza. Ulicheza kama maji yanayotaka kuchemka. Chepesi kikaondoka, kizito kikajilaza nyuma ya vijiti, kimya, kana kwamba kilikuwa kinasubiri jambo hilo tangu dunia ianze. Melkiori alipiga kelele ya furaha, peke yake.

Theresia alitokea akiwa na ndoo kichwani. Alisimama. Aliishusha ndoo polepole sana, bila kumwaga.

"Umekata ungo."

"Njoo uone!" Alimshika mkono. "Hewa inapita, mchanga haupiti. Gunia limeshindwa, khanga imeshindwa. Ungo wa mama ndio umeweza. Mama yako ni fundi, nakwambia!"

"Umekata ungo, Baba Joyce."

"Nitakununulia mwingine. Siku hizi ziko nyungo za plastiki sokoni, za rangi, hazioti ukungu."

Theresia aliangalia sanduku, kisha akaangalia vipande vya pembeni vilivyoanguka, ukingo wa ungo uliokuwa bado umefungwa kwa kamba ya mama yake. Aliviokota, akavikung'uta.

"Na mimi nifanye nini?"

"Wewe pumzika," Melkiori alisema, na alisema kwa upendo. "Umemimina mchanga vya kutosha. Mikono juu kutwa nzima. Kaa chini, mama. Kaa kivulini."

Hilo ndilo lililomuuma Melkiori baadaye, kwamba alisema kwa upendo.

Theresia hakuondoka siku ile. Alikaa kivulini kama alivyoambiwa. Melkiori alisimama peke yake kwenye sanduku, akimimina kwa mkono mmoja na kukwangua kwa mwingine, na mashine ilifanya kazi upepo uwepo usiwepo. Kila betri ilipoisha alikwenda mjini kuichaji kwa Abdulmajidi. Kazi ilisonga. Nyumba ya Sepuka ikapata bati. Wachimbaji waliomtania wakaanza kuja kumwomba awapepetee, na Damiani akasema kwamba mtu mwenye upepo wake mwenyewe hana budi kusalimiwa kwa shikamoo.

Mwanzoni Theresia alijaribu kuzungumza. Alisogeza jiwe karibu na sanduku, akasema kitu.

"Nini?"

Akasema tena.

"Sikusikii! Ngoja nimalize!"

Lakini mashine haimalizi. Palikuwa na mchanga mwingine daima. Jioni aliponyamazisha feni, masikio yake yalikuwa yamejaa ngurumo mpaka usingizini, na yale ya asubuhi Theresia hakuyarudia; hayakuwa mambo ya kusubiri mpaka jioni. Habari za shangazi. Ndoto, ambayo ikishapita saa sita inakuwa haina ladha. Siku moja Melkiori alimwona amekaa mbali, upande wa pili wa kilima, midomo ameikunja. Alidhani anapuliza kidole kilichoungua. Ilipita miezi ndipo akaelewa kuwa alikuwa anapiga mluzi.

Mwaka uliofuata, uwele wa Mgori ulipokomaa, Theresia alikuja mpaka kwenye sanduku akiwa amevaa khanga safi na kibunda kichwani. Alisema maneno. Melkiori aliona midomo yake ikisogea, akainua mkono, akatikisa kichwa kukubali. Alijua ni mavuno ya kwao. Alimtazama akishuka kilima, kisha mchanga ukataka kuziba vijiti, akainama.

Mavuno yalikwisha. Uwele ukapurwa, ukapepetwa, ukaingia vihengeni, kila mtu alijua hivyo, na Theresia hakurudi. Melkiori alijiambia ni mgonjwa kwao. Akajiambia ni ndugu yake Lea, labda amejifungua. Jioni moja alinyamazisha feni, na bila kufikiri akasema kwa Kinyaturu, "Leo umeme wa betri umekwisha mapema." Jiwe lilikuwa palepale alipolisogeza Theresia. Damiani, aliyekuwa anapita, aliuliza, "Unaongea na nani, bwana?" Melkiori akasema anahesabu. Damiani akamtazama kidogo, akaenda zake.

Ndipo alipofunga safari ya Mgori. Alipitia Singida sokoni akanunua ungo wa plastiki, wa buluu, akaufunga juu ya baiskeli. Upepo ulimpiga njia nzima, na ungo ule ulilia kama ngoma kila baiskeli ilipopita kwenye shimo.

Mama mkwe alimpokea kwa heshima zote. Melkiori aliinamisha macho.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Za huko?"

"Nzuri."

"Za dhahabu?"

"Nzuri, mama."

Mama mkwe alikuwa mkongwe sasa, vidole vimepinda, na hakuutazama ule ungo wa buluu hata mara moja. Alimwonyesha kwa kidevu upande wa kiwanja cha kupuria.

Theresia na Lea walikuwa wamekaa chini, kila mmoja na ungo wake, wanasubiri upepo kwa ajili ya uwele wa mwisho. Lea alikuwa anasimulia kitu, na Theresia alicheka kicheko kirefu, akijishika ubavu. Melkiori alisimama nyuma ya kihenge. Hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia. Alitamani Lea aendelee kusimulia, ili asilazimike kutokea.

Lea alimwona kwanza. "Shemeji! Umekuja na beseni la kuogeshea mtoto?"

"Ni ungo," alisema Melkiori.

"Aha." Lea alisimama, akajikung'uta, akawaachia kiwanja.

Melkiori alichuchumaa, kama alivyozoea kuchuchumaa mbele ya ngozi ya ng'ombe. Alisema yale aliyoyapanga njiani, na yakatoka mafupi.

"Sikuukata kwa maana ile. Wewe unajua."

"Najua. Nilijua siku ileile."

"Sasa kwa nini?"

Theresia alichota uwele kwa kiganja, akauacha uteleze kati ya vidole. "Nilisema, mtu wangu hakukusudia. Kesho atakumbuka, ataniambia, Mama Joyce, nimefanya jambo la kwenu vibaya. Nikakaa. Nilikaa mvua zote, Baba Joyce. Hukukumbuka. Kisha nikaona, kumbe hata kama hukukusudia, imekuwa vilevile. Sina kazi, sina wa kuongea naye. Mwanamke aliyekatiwa ungo yukoje? Si ndiyo hivyo?"

"Nitaiuza ile mashine."

"Usiiuze."

"Nitaiuza kesho. Tutarudi kwenye jiwe letu."

"Upepo utakosekana wiki moja," alisema Theresia, bila ukali, "halafu utaanza kunitazama. Hutasema kitu. Utanitazama tu. Mimi sitaki kutazamwa hivyo."

Melkiori alijua ni kweli. Upepo ukaja wakati huo, mzuri, umenyooka kutoka upande wa msitu. Theresia alisimama kwa sababu upepo hausubiri mazungumzo ya watu. Aliinua ungo juu ya kichwa, na makapi yakaruka juu ya bega la Melkiori, yakamwingia shingoni. Lea akarudi mbio. Wanawake wale wawili walifanya kazi, na yeye akabaki amechuchumaa pale chini, akigundua kwamba mikono yake inafagia pembeni kwa majani, jambo ambalo hakuna aliyemwomba.

Walimpa ugali wa uwele na mlenda, na kitanda kizuri kwa shemeji yake Yohana. Asubuhi Theresia alimsindikiza mpaka njia kuu, akamwambia apitie kwa Joyce akipata nafasi, akamrekebishia kola ya shati. Waliagana kama watu wasiogombana. Ungo wa buluu ulibaki kwa mama mkwe, ukawekwa dagaa wa kuanika.

Mavumbini hakuwasha feni kwa siku kadhaa. Alimwita Damiani, akatandika ngozi, akamwomba amimine kama zamani, yeye afagie. Damiani alikubali kwa sababu alimpenda. Walikaa kwenye jiwe wakisubiri upepo.

"Haya, niambie kitu," alisema Melkiori.

"Kitu gani?"

"Chochote. Habari."

Damiani alifikiri sana. "Bei ya baruti imepanda," alisema. Kisha wote wawili wakatazama miiba. "Washa mashine, ndugu yangu," Damiani alisema mwishowe, kwa upole. "Tutakufa na njaa hapa tukitazamana."

Melkiori aliiwasha, akafanya kazi mpaka mvua zilipokaribia. Alikuwa haongei na mtu tena, na watu walizoea, kwa kuwa ngurumo ilikuwepo na mtu aliye nyuma ya ngurumo haonekani kuwa kimya. Siku aliyoondoka hakumuaga mtu. Betri aliiacha mlangoni kwa Damiani, aipeleke nyumbani kwa ajili ya redio.

Hakurudi Sepuka, kwenye nyumba ya bati isiyo na mtu wa kuongea naye. Melkiori yuko Misigiri sasa, kwenye chumba cha kupanga nyuma ya mashine ya kusaga, na analinda magunia ya vitunguu yanayosubiri malori ya Mwanza.